Ubao wa Futi 8

Muuzaji wa mbao za kuteleza mawimbini haanzi kwa kukuuliza una pesa kiasi gani. Hukuuliza una uzito gani. Nilipoulizwa mara ya kwanza, katika duka moja la ufukweni Muizenberg, kusini mwa Cape Town, nilitazama nyuma kuona kama kuna mtu mwingine anayeulizwa. Kwetu Tanga uzito wa mwanamke huulizwa kliniki, na hata huko nesi huuandika bila kuusoma kwa sauti. Nikajibu: kilo 61. Akauliza la pili: umeshawahi kusimama? Nikamwambia mara nne, zote kwenye povu karibu na mchanga, na zote kwa sekunde chache. Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa mwisho, kulikopangwa mbao ndefu za buluu zenye ngozi laini kama mkeka wa mazoezi. Sikuzitaka. Macho yangu yalikuwa ukuta wa pili, kwenye mbao fupi nyeupe zilizochongoka kama samaki.

Swali la uzito lina sababu tuliyofundishwa sekondari kwa jina la Archimedes. Kila lita ya maji inayosukumwa pembeni na ubao huinua karibu kilo moja. Ndiyo maana mbao za siku hizi huandikwa ujazo wake kwa lita, kwa maandishi madogo karibu na uti wa katikati, pamoja na urefu wa futi na inchi. Ubao wa futi 8 wa mwanafunzi, mpana na mnene, huwa na zaidi ya lita 70. Ubao mfupi wa futi 6 na kidogo unaweza kuwa na lita 30 hivi. Mwili wenyewe huelea kiasi, na kwa hiyo bingwa wa kilo 75 anaweza kuumudu ubao wa lita 30: huukalia ukiwa umezama nusu, na mabega yake yana mazoezi ya miaka mingi. Mimi mabega yangu yalikuwa na mazoezi ya kubeba kompyuta mpakato.

Kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye ubao, nayo ni ya mwendo. Wimbi ni msafiri. Ili likuchukue, likikukuta inabidi nawe uwe tayari safarini, unapiga maji kwa mikono kuelekea pwani. Ubao mrefu huteleza juu ya maji na kuushika mwendo mapema, wakati wimbi bado ni kilima cha mviringo kisichovunjika. Ubao mfupi huzama chini ya kifua cha mgeni, na mgeni hupiga maji hadi mabega yawake moto, kisha wimbi hupita chini yake kama daladala iliyojaa isiyosimama kituoni. Nilikuwa nimeliona hilo mara nyingi nikiwa nimekaa mchangani. Pwani ya Muizenberg ina mchanga unaoshuka taratibu sana, kwa hiyo mawimbi yake huvunjika polepole na mbali, na huo ndio ukarimu wanaoufuata wanaojifunza. Lakini wimbi la polepole halina nguvu ya kumsukuma mtu aliyezama nusu. Linataka ubao unaoelea.

Haya yote niliyajua, na bado nilitaka ule mweupe.

Ilikuwa mwezi wa pili wa kukodi. Duka nililokuwa nikikodi lilinitoza randi 200 kwa ubao na nguo ya mpira, saa moja na nusu, kila Jumamosi. Nikapiga hesabu kama mtu anayejiandaa kutetea tasnifu: kwa randi 2,400 nitakuwa nimekodi mara kumi na mbili na mwishoni sina kitu, ilhali kwa randi hizo hizo ningepata ubao uliotumika, nikabaki kukodi nguo tu. Nikaanza kutafuta mbao za mkono wa pili. Baada ya wiki tatu nikabakiwa na mbili. Ya kwanza ilikuwa ubao wa sponji wa futi 8, upana inchi 22 na nusu, randi 2,400. Ya pili ilikuwa ya faibaglasi, futi 6 na inchi 2, lita 31, randi 1,600.

Mtu akiniuliza kwa nini hesabu isiniamulie, nitamwambia ukweli. Ule wa bei nafuu ulikuwa mzuri. Ungeingia kwenye lifti ya hosteli na ndani ya treni bila kugombana na abiria. Na ubao wa sponji ni tangazo. Ukionekana nao, kila aliye majini anajua kwamba hujui, na watu husogea pembeni kama wanavyompisha dereva mwenye kibao cha L. Asubuhi nyingi nilizokwenda, wanawake Waafrika waliokuwa majini niliweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na siku nyingine kwa kidole kimoja, changu mwenyewe. Nilikuwa mgeni wa nchi na mgeni wa bahari ile. Sikutaka nivae na sare ya ugeni.

Nilikwenda kwanza kuuona ule mweupe. Ubao uliotumika hukaguliwa kwa dole gumba kuliko kwa macho. Unabonyeza juu, hasa pale visigino vinapokaa, ukisikiliza kama ngozi ya faibaglasi imeachana na povu gumu lililo ndani. Ikibonyea na kurudi kama kifuniko cha kopo, imeachana. Unatafuta nyufa kwenye kingo, na ukiona alama ya kahawia kuzunguka ufa ujue maji ya chumvi yameshaingia na yamekaa. Unatikisa mapezi kuona kama mashimo yalimokaa yamelegea. Unaunyanyua: ubao ulionyonya maji ni mzito kuliko umbo lake. Ule mweupe ulikuwa na kiraka kimoja kilichofanywa vizuri na rangi ya njano ya jua, basi. Ulikuwa mzima. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama ungekuwa mbovu.

Njiani kurudi nikagundua kwamba sehemu zake nazijua kwa majina ambayo hakuna mtu aliyenifundisha kwa ajili yake. Mbele yake ni omo na nyuma yake ni tezi, kama chombo chochote. Pezi ni pezi. Ule uti wa mbao unaokata katikati ungeitwaje kama si mkuku? Babu yangu alikuwa na ngalawa, na maneno haya yalikuwa ya nyumbani kabla hayajawa ya mitihani ya Kiswahili. Nilihisi kama nimekuta vyombo vya mama yangu katika jiko la watu.

Nikaanza kusoma zaidi ya ilivyonilazimu, jambo ambalo wanafunzi wa shahada ya pili hulifanya wanapoogopa kuamua. Huko Hawaii, ambako mchezo huu ulifikia kilele chake cha kale, ubao wako ulitegemea wewe ni nani. Ule mrefu kuliko yote, olo, uliochongwa kwa mti mwepesi wa wiliwili na kuweza kupita futi 16, ulikuwa wa machifu. Watu wa kawaida walitumia alaia, mfupi na mwembamba, uliochongwa kwa mti wa koa au kwa mshelisheli. Hapo nikasimama kusoma. Mshelisheli! Mti tunaochemsha tunda lake kwa nazi, kumbe mtu wa upande wa pili wa dunia aliutazama shina lake akaona wimbi. Mbao za zamani hazikuwa na pezi. Tom Blake, Mmarekani, ndiye aliyefunga pezi chini ya ubao mwaka 1935, na mapezi matatu tunayoyaona leo yalitokana na Simon Anderson wa Australia mwaka 1980. Nikasoma pia kuhusu afisa Mwingereza, James Edward Alexander, aliyepita Accra na katika kitabu kilichochapwa mwaka 1837 akaeleza wavulana waliokuwa wakiogelea na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakisubiri wimbi liwarudishe pwani. Afrika ilikuwa mawimbini kabla duka lolote halijafunguliwa Muizenberg.

Muizenberg nayo ina hadithi yake. Mwaka 1922 Agatha Christie, yule mwandishi wa hadithi za upelelezi, alipita hapa na mumewe wakajifunza kuteleza kwa mbao nyembamba, wakiwa wamelala kifudifudi. Vibanda vya rangi vya kubadilishia nguo vinavyopigwa picha na kila mgeni ni kumbukumbu ya Muizenberg hiyo ya likizo. Lakini baadaye ufukwe huu ulitengwa kwa ajili ya Wazungu. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma kwa rangi iligusa hata mchanga na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Eddie Aikau, mmoja wa watelezaji wakubwa wa Hawaii, alialikwa kushindana Durban, na hoteli ikamkataa kwa rangi ya ngozi yake. Agosti 1989 Desmond Tutu aliongoza waandamanaji kwenda fukwe za Wazungu karibu na Cape Town. Sheria ile ilifutwa mwaka 1990. Wazazi wa wanafunzi ninaosoma nao wanakumbuka ni pwani ipi ilikuwa ya nani. Kwa hiyo ninapoangalia nani yuko majini na nani amekaa kwenye ukuta, najua kwamba wengi hawakukaa ukutani kwa kupenda.

Aliyenisaidia kuamua hajawahi kupanda ubao. Ni mlinzi wa magari kwenye maegesho ya ufukweni, Mkongo wa Bukavu, mtu wa umri wa baba yangu mdogo, mwenye kizibao cha rangi ya kuwaka. Tulijuana siku aliponisikia nikizungumza na simu. Tangu hapo tunasalimiana Kiswahili, chake na changu, vinavyokutana katikati. Yeye husema “iko” pale ninaposema “ipo”, na mimi husema “shikamoo” ambayo yeye huipokea akicheka, kwa sababu anasema kwao haipo. Nilimweleza kuhusu mbao mbili. Hakuniuliza uzito.

“Dada,” akasema, “hii mbao ya kidogo bavijana banaipenda sana. Banainunua leo, kisha mwezi moja banaiuzisha.”

“Na ile kubwa, papa?”

“Ile kubwa haiuzishwe. Ile inarudi kila siku na maji.”

Amesimama pale miaka sita. Anaona mbao zikifungwa juu ya magari na zikifunguliwa. Anajua zipi hurudi na chumvi na zipi hurudi kavu kwa sababu mwenyewe alikaa dakika kumi akakata tamaa. Nilikuwa nimesoma makala nyingi kuhusu lita na inchi, na hakuna iliyokuwa na takwimu kama zake.

Likabaki suala la nyumbani.

Mimi nimezaliwa pwani, lakini nimejifunza kuogelea nikiwa na miaka 24, katika bwawa la chuo, nikiwa nimezungukwa na watoto wenye maboya mikononi. Watu hushangaa. Hudhani mtoto wa Tanga huzaliwa na mapezi. Ukweli ni kwamba kwetu bahari ilikuwa na mgawanyo wake. Wavulana walirukia maji kwenye gati. Wanawake waliingia baharini wakati wa kupwa, kwa miguu, na ndoo na kijiti, kutafuta pweza kwenye miamba, na maji yalipoanza kujaa walirudi. Bibi yangu aliijua miamba ile kama chumba chake, na hakujua kuogelea hatua tatu. Halafu, mwaka niliokuwa darasa la tatu, baba yangu mdogo alitoka na ngalawa msimu wa kusi. Ngalawa ilipatikana. Yeye hakupatikana. Tangu hapo mama hakuturuhusu kwenda ufukweni bila mtu mzima, na mtu mzima hakupatikana kamwe.

Nilimpigia simu Jumapili jioni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

Nikamwambia nimekula. Nikamwambia na la ubao.

“Ubao wa nini?”

“Wa kuchezea baharini, mama.”

Akanyamaza mpaka nikaangalia kama salio limekwisha. “Bahari haichezewi,” akasema.

Nikamweleza kwamba nimejifunza kuogelea. Nikamweleza kuhusu watazamaji wa papa, ambao tangu mwaka 2004 wamekuwa wakikaa mlimani juu ya ufukwe wakitazama maji, na bendera zinazopandishwa chini. Kijani, maji yanaonekana vizuri na hakuna papa aliyeonekana. Nyeusi, maji hayaonekani vizuri, ingawa hakuna aliyeonekana. Nyekundu, kuna hatari, papa ameonekana hivi karibuni. Nyeupe yenye picha ya papa, king'ora kinalia na kila mtu anatoka. Nilidhani maelezo haya yatamtuliza. Hakuwa amefikiria papa kabla sijamtajia.

“Pesa ni yako, mwanangu,” akasema mwishowe. “Bahari si yako.”

Hakutaja ada ya mdogo wangu, na kwa kutoitaja aliifanya ikae chumbani kwangu usiku kucha. Ufadhili wangu unatosha mtu mmoja anayekula kwa adabu. Kila mwezi natuma nyumbani kiasi fulani. Randi 2,400 ni zaidi ya shilingi 300,000, na najua shilingi 300,000 zinafanya nini katika nyumba yetu: zinalipa muhula, zinaezeka upande mmoja wa paa, zinanunua mchele wa miezi. Kwenye masomo yetu tunafundishwa kuandika kwamba mapumziko ni haki ya binadamu. Ni sentensi nzuri. Jaribu kuisoma kwa sauti mbele ya mama anayehesabu siku za kufungua shule.

Sikutaka kujidanganya kwamba ubao ni dawa. Watu wengi pwani hii husema bahari inawaponya, na hapa Muizenberg kuna shirika, Waves for Change, linalotumia mawimbi kuwasaidia watoto waliopitia mambo magumu, kazi ninayoiheshimu. Mimi sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mtu anayetaka kitu. Nilitaka ile sekunde ya tatu, baada ya kusimama, pale ubao unapoacha kutetemeka na maji yanakuwa kama barabara. Kwetu nimewaona watu wakiombwa ruhusa ya kila kitu isipokuwa kutaka. Baba mdogo alikwenda baharini kwa sababu ya njaa ya watoto. Nikajiuliza kama kwenda kwa furaha ni kumdharau, na sikupata jibu zaidi ya hili: yeye alikuwa akiipenda bahari pia. Hilo nalikumbuka. Aliimba akishusha tanga.

Suluhisho lilikuja kwa swali lile lile la muuzaji. Ninaye rafiki Mzambia, tunakaa meza moja maktaba, anayeishi nyumba ya kupanga mwendo wa dakika kumi kutoka ufukweni. Naye alikuwa akikodi. Siku moja nikamuuliza una uzito gani. Akanitazama kama nilivyomtazama yule muuzaji. Kilo 64. Ubao unaomfaa mtu wa kilo 61 unamfaa wa kilo 64. Tukagawana: randi 1,200 kila mmoja, Jumamosi yangu, Jumapili yake, ubao unalala kibarazani kwake. Sehemu yangu ilitoka kwenye malipo ya kusahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, si kwenye fungu la nyumbani. Fungu la nyumbani likatumwa tarehe ile ile kama kawaida, na safari hii nililituma kabla ya kulipia ubao, ili mpangilio uwe wazi hata kwangu mwenyewe.

Tulikwenda pamoja kuukagua. Sponji nayo ina mitihani yake: ngozi ya juu isiwe inabanduka kwenye kingo, plastiki ya chini isiwe na mkunjo unaokata ubao nusu, kishikio cha kamba ya mguuni kisiwe kimelegea. Kamba yenyewe iwe na urefu unaokaribia wa ubao, na isiwe na mikwaruzo, kwa sababu ubao wa futi 8 usiokuwa na mtu ni gogo linalokwenda kwa mwendo wa wimbi, na mbele yake kuna vichwa vya watoto. Kamba ilikuwa imechakaa. Muuzaji akapunguza randi 150, tukanunua mpya. Mapezi ya plastiki, matatu, mazima. Rangi yake buluu ya dumu la maji. Hauna uzuri wowote.

Jumamosi ya kwanza nilipanda mawimbi tisa. Nilihesabu. Lile la tano sikuwa nimelisikia likija. Nilipiga maji mara tatu, ubao ukaondoka wenyewe, na nilipoinuka nilikuwa na muda wa kutazama mbele, kuona vibanda vya rangi na treni ikipita nyuma yake, na kufikiria kwamba sasa ninafikiria. Watu walinipisha, kweli, kama nilivyoogopa. Nikazitumia nafasi walizonipa. Kwenye maegesho papa wa Bukavu aliutazama ubao ukivuja maji lami nzima, akaitikia kwa kichwa kama mhasibu aliyeona hesabu imefunga.

Mama hajasema tena kuhusu pesa wala kuhusu baba mdogo. Ila kila Jumamosi asubuhi, kabla sijapanda treni, hunitumia ujumbe wa neno moja: Bendera? Nikifika ufukweni namjibu. Mara nyingi ni kijani, naye hunijibu kwa kidole gumba alichofundishwa na mdogo wangu. Jumamosi iliyopita ilikuwa nyeusi. Mvua ya usiku ilikuwa imeyachafua maji. Wengine waliingia, kwa kuwa nyeusi haikatazi. Nilisimama na ubao kwapani, nimeshavaa nguo ya mpira, nikafikiria kuandika kijani. Nikaandika nyeusi.

Jibu likaja haraka kuliko siku zote. Subiri, aliandika. Nikaulaza ubao mchangani, omo ikitazama bahari, nikaketi juu yake.